Kinu Kidogo cha Bibi Skolbon

Jiwe la kwanza lilipita dirishani wakati alto wanarudia mstari wa pili. Lilivunja kioo, likagonga birika la chai, likaviringika mpaka miguuni pa Kong Aitimon, mwalimu wa kwaya. Kong Aitimon alilitazama, akalisukuma chini ya benchi kwa ncha ya kiatu.

"Limeingia nje ya mapigo," alisema. "Alto, tena."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Bah Lamphrang, mchinja nguruwe mwenye kifua kama pipa, besi pekee waliyekuwa naye, alisogea akasimama kati ya dirisha na wenzake bila kuambiwa. Huko barabarani vijana walikuwa wanapiga miluzi.

"Soprano mwenye ndevu! Toka utuonyeshe!"

Risalin alikwenda dirishani, vipande vya kioo vikilia chini ya kandambili zake. "Ndevu zangu nimemwazima mama yako," alijibu. "Mwambie azirudishe kabla ya Jumamosi ijayo, nina shughuli."

"Funga dirisha, mwanangu," alisema Kong Trolibon, mama yake, ambaye alikuwa ameshaanza kufagia.

"Lisifungwe!" Sauti ya Bibi Skolbon ilitoka chumba cha ndani, ikifuatwa na kikohozi. "Moshi utaniua kabla ya siku yangu. Nani kavunja kioo?"

"Jiwe, Bibi."

"Basi hilo dirisha sasa halifungiki. Imbeni."

Katika milima hii, ambako dada huitwa Kong na kaka huitwa Bah, kila kichochoro kina kwaya yake, na mtoto hujua sauti yake ni ipi kabla hajajua kusoma. Hawa wa Kong Aitimon walikuwa wale waliotolewa kwenye kwaya nyingine, au waliotoka wenyewe kabla ya kutolewa: wanaume waliopendana na wanaume, wanawake wawili walioishi pamoja wakasema ni binamu, na wachache kama Risalin, ambao siku ya ubatizo waliandikwa wavulana. Walianza kuimba kwenye kibanda cha fundi cherehani, pazia limeshushwa. Walipohamia kwa Kong Trolibon walifunga madirisha, wakaimba kama watu wanaoiba. Ni Bibi aliyeagiza dirisha lifunguliwe, kwa sababu ya moshi tu. Tangu hapo wanawake wa bombani waliwasikia kila zoezi, wapende wasipende. Jumamosi iliyokuwa inakuja walipanga kusimama mbele ya soko, uso wazi, waimbe.

Zoezi lilipokwisha Risalin alikaa kitandani kwa bibi yake. Alimkatia popoo, akaitia na jani la tambuu na chokaa kwenye kinu kidogo cha chuma, akatwanga. Bibi hakuwa na jino hata moja. Kinu kile alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, pamoja na nyumba. Siku zote kilikwenda kwa kitinda mimba wa kike, yule anayebaki na jiko.

"Ule wa mwisho," alisema Bibi akifungua kinywa kama kinda, "ule unaoanzwa na besi peke yake. Huo ndio mtakaonikesha nao nikifa."

"Bibi, sisi watatuzuia mlangoni."

"Anayekuja kumwimbia maiti hazuiwi mlangoni. Hata awe mchawi. Ponda vizuri, umeacha punje."

*

Kesho yake, Jumapili, kanisa lilipotoka, Kitbok alikuja na wapwa zake wawili, Teibor na mdogo wake. Kitbok alikuwa mtoto wa Bibi Skolbon na kaka mkubwa wa Trolibon, mjomba wa nyumba. Hakuna ndoa, maziko wala kiwanja kilichoamuliwa katika ukoo kabla yeye hajakohoa. Alikaa karibu na jiko la mkaa bila kuvua kofia.

Risalin alimletea sinia la tambuu, kama anavyopewa kila anayeingia nyumba ya watu.

"Weka chini," alisema Kitbok.

"Nimekuletea mkononi, Mjomba."

"Nimesema weka chini. Mama yako atanipa."

Trolibon alimtazama kaka yake, akalitazama sinia. Akalichukua mikononi mwa mwanawe, akampa Kitbok. Risalin alibaki amesimama, mikono yake mitupu bado imenyooka kidogo.

"Unajua kanisani wanasemaje?" aliuliza Kitbok akitafuna.

"Wanasemaje, Bah?"

"Hawasemi. Wananipisha. Leo nimekaa benchi zima peke yangu kama mwenye upele." Alitema mate mekundu kwenye jivu. "Troli, tusidanganyane. Hukujaliwa binti. Ulipata wavulana wawili, sio kosa lako. Siku ukiondoka duniani, nyumba inakwenda kwa Larisuk, binti wa dada yako, kama inavyotakiwa. Hilo halina ugomvi. Lakini huyu akisimama sokoni Jumamosi na vazi la kike, akijiita binti wa nyumba hii, sitangoja uondoke. Nitaita ukoo. Larisuk ataingia hapa na vyungu vyake, na wewe utaomba ruhusa ya kuchemsha maji."

"Ninaye binti," alisema Trolibon, kwa sauti ndogo hata mwenyewe hakuwa na hakika kama imetoka.

"Unasemaje?"

Risalin ndiye aliyejibu. "Amesema anaye binti, Mjomba. Nani anamwogesha mama yako? Nani anamgeuza, anamtwangia, anamfulia? Larisuk? Larisuk hata hajui mlango wa chumba kile unafungukia wapi."

Shemphang, kaka yake Risalin, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani. Alikuwa besi wa kwanza wa kwaya ya kanisa, mtu wa maneno machache, mwenye sauti iliyofanya vikombe vitetemeke kabatini. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Mshikeni," alisema Kitbok.

Wapwa walimkamata Risalin mikono, wakampigisha magoti. Kitbok alitafuta kitu karibu yake, na kilichokuwa karibu ni kinu, na ndani ya kinu mchi wake wa chuma, mfupi, mzito, unaojaa kiganja. Pigo la kwanza lilitua kwenye taya. La pili mdomoni. Risalin hakupiga kelele mpaka la tatu, na ile kelele ilitoka imejaa damu. Meno mawili yaliangukia kwenye sinia, katikati ya majani ya tambuu. Trolibon alijitupa kwenye mkono wa kaka yake. Kitbok alimsukuma kwa kiwiko, Trolibon akaenda kuangukia ndoo ya maji.

"Shemphang!" alilia. "Shemphang, ndugu yako!"

Shemphang alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili kana kwamba nyumba ndiyo itakayoanguka.

"Kitbok!" Bibi aliita kutoka ndani. "Kitbok, ni nini kinapigwa huko?"

Mchi ulisimama hewani. Kitbok alikuwa anahema.

"Popoo, Mama," alijibu.

Dirisha halikuwa na kioo. Wanawake waliopanga ndoo zao bombani walisikia swali, wakasikia na jibu.

"Hiyo siyo popoo," alisema Bibi.

Teibor alikuwa ameshachukua kisu cha kukatia popoo na kushika nywele za Risalin kwenye ngumi. Alikata karibu na ngozi, ngozi ikaja nazo. Ndipo kikasikika kishindo chumbani, laini, kama gunia la mchele linaposhushwa. Bibi Skolbon, ambaye hakuwa ameshuka kitandani peke yake tangu masika, alikuwa ameshuka.

*

Bah Lamphrang alimbeba Risalin mgongoni mpaka hospitali. Mhudumu aliuliza, "Wodi ya wanaume au ya wanawake?" Bah Lamphrang akasema, "Ya watu waliovunjwa taya." Risalin alikalishwa kwenye benchi la ukumbini hadi alipoonwa. Daktari alimfunga taya kwa waya, akaacha mwanya pale mbele, palipokuwa na meno, wa kupitishia uji. Aliporudi nyumbani, Bibi alikuwa ameshafumbwa macho na kuvalishwa shali yake ya mistari.

Watu walijaa. Walileta mchele, majani ya chai, sukari, samaki wakavu. Walikaa kwenye mabenchi uani chini ya turubai, mvua ikipiga, wakingoja kwaya ya kanisa iliyokuwa ije alasiri. Ilikuja mpaka getini. Mzee wa kanisa alimwita Kitbok pembeni, wakanong'ona, kisha waimbaji wote wakageuka na vitabu vyao chini ya miavuli.

"Hawaingii yule akiwa ndani," Kitbok alimwambia dada yake jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemlilia mama yake kwelikweli. "Mtoe. Mpeleke kwa huyo Aitimon wake mpaka tuzike. Siku tatu tu, Troli. Unataka Mama akeshwe kimya kama mbwa?"

Msiba usio na wimbo hakuna aliyewahi kuuona mtaani pale. Watu walikunywa chai. Walipojisikia wakimeza, waliona aibu, wakaacha vikombe. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, "Hata yule mlevi wa kule bondeni aliimbiwa." Trolibon alipita na birika akajifanya hakusikia. Aliwamiminia wote wawili.

Risalin alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kitambaa mdomoni, amefunga kanga kichwani mahali pa nywele. Alizungumza bila kufungua meno. "Nitaondoka, Mama."

Trolibon aliweka birika chini. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika. Alifikiri juu ya nyumba, juu ya Larisuk na vyungu vyake, juu ya benchi tupu la kanisani. Kisha akakumbuka sinia, jinsi alivyolichukua mikononi mwa huyu mtoto akalipeleka kwa mwingine, haraka, kama mtumishi.

"Nani atakaa kichwani pa Bibi?" aliuliza.

Kichwani pa maiti hukaa kitinda mimba wa kike wa nyumba, yeye au mama yake, wakipokezana.

"Mimi nimechoka," alisema Trolibon. "Zamu yako."

Alifungua sanduku, akatoa jainsem yake ya hariri, lile vazi la kike la vipande viwili alilolitunza kwa ajili ya siku kubwa, akamfunga mwanawe mwenyewe, bega la kushoto, bega la kulia. Akamshika mkono, akampitisha uani katikati ya mabenchi yote, uso umevimba kama boga, akamkalisha kichwani pa jeneza.

Mabenchi matatu yalisimama yakaondoka. Kitbok alivua kofia, akaivaa tena.

"Basi tutamzika kimya," alisema mwishoni. "Na ukoo utakaa, Troli. Siku ya pili tu baada ya maziko."

*

Walikuja kesho yake mchana, mvua imekatika. Walipanda kichochoro wakiwa wamepangana kama wanavyosimama kwenye mazoezi, soprano mbele, besi nyuma. Wanawake kwa jainsem, na wale waliobatizwa wavulana kwa jainsem vilevile, na Kong Aitimon mbele na filimbi yake ndogo ya kutolea sauti ikining'inia shingoni. Hakuna aliyefunika uso. Mmoja wao alikuwa karani ambaye bosi wake aliishi kwenye kona ileile. Alipopita mlango wake aligeuza kichwa akamsalimu.

Vijana waliwangoja kwenye bomba.

"Harusi ya nani leo? Bwana harusi yupo wapi?"

"Anavaa," alisema mmoja wa soprano. "Umemwachia nguo chafu."

"Rudini! Maiti yule ni mama wa watu!"

"Na sisi ni watoto wa watu. Tupishe, baba."

Jiwe likaja, kisha mengine. Hawakukimbia, kwa sababu Kong Aitimon alikuwa amewaambia wakikimbia watakosa pumzi ya kuimbia. Waliinamisha vichwa wakapanda. Jiwe moja lilimpasua nyusi yule karani. Teibor aliruka kutoka ukutani na kipande cha nondo, akampiga Bah Lamphrang ubavuni, akampiga tena alipoinama. Kila mtu aliyekuwa karibu alisikia mbavu zikivunjika. Bah Lamphrang alimkamata Teibor shingoni kwa mkono mmoja kama anavyokamata nguruwe, akamwinua kidogo, akamtazama usoni, kisha akamweka chini.

"Leo nina kazi," alimwambia, na damu ikatoka na neno lile.

Walipofika mlangoni Kitbok alikuwa amesimama katikati yake, mikono imeshika huku na huku. Uani watu waliobaki walisimama. Kong Phoibon, jirani mzee asiyeona, aliyekaa karibu na mlango na fimbo yake, alinusa hewa.

"Kitbok," alisema, "naona unaniwekea kivuli. Kuna watu mlangoni?"

Kitbok alikaza mikono kwenye fremu.

"Wamekuja kumwimbia mama yako?"

"Kong, hawa sio..."

"Nimekuuliza wamekuja kuimba au hawakuja."

Mikono ya Kitbok ilishuka. Hakuwapisha, aligeuka upande tu, nao wakapita mmojammoja, nguo zao zikimgusa kifuani, mmoja akimwachia tone la damu kwenye shati.

Wakajipanga mbele ya jeneza. Risalin, pale kichwani, aliinua macho. Kong Aitimon alipuliza filimbi, akatoa do, akamwonyesha Bah Lamphrang kidole.

Bah Lamphrang alivuta pumzi, na pumzi ikamkatika katikati. Alijaribu tena. Uso wake uligeuka rangi ya jivu, akashika ubavu, akatikisa kichwa.

Ule wimbo ulianzwa na besi peke yake. Sauti nyingine zote hungoja pale juu mpaka ile ya chini ibishe hodi. Bila besi hakuna mahali pa kuingilia. Kong Aitimon alipuliza do mara ya pili, ikalia ikaisha. Uani mtu alicheka. Waimbaji walisimama vinywa wazi, damu zikiwakauka, na kimya kikawa kirefu kuliko kimya cha jana.

Shemphang alikuwa kwenye sufuria ya chai, nyuma kabisa, na upawa mkononi. Tangu Jumapili hakuwa amemtazama mtu usoni. Alikuwa akilala chumba cha pili miezi yote ile ya mazoezi, akijifunika mto kichwani, na noti zile zilikuwa zimemwingia hata hivyo. Mdomo wake ulifunguka. Safari hii haukufungwa.

*"Nyumba ina moto..."*

Ilitoka chini kabisa, imetulia, na vikombe vikalia kwenye sinia. Watu waligeuka wote. Teibor, aliyekuwa amewafuata mpaka uani, alimfikia kwa hatua mbili, akampiga ngumi ya tumbo. Noti ikayumba, ikarudi. Akampiga ya mdomo. Shemphang alipiga goti kwenye matope, upawa bado mkononi, akamalizia mstari akiwa amepiga goti, damu ikimshuka kidevuni, na pale unapoishia, tenor wakaingia, kisha alto, kisha soprano juu yao.

*"...njoo uote, njoo uote, kabla hakujapoa."*

Teibor aliinua mguu ampige teke. Mwanamke mmoja wa bombani, aliyekuwa amesimama nyuma ya ua na ndoo yake, aliimba alto. Alikuwa anautazama mgongo wa Teibor akiimba, tena bila kukosea, maana aliisikia ile alto ikirudiwa na kurudiwa dirishani mpaka ikamkera. Jirani yake akaidaka. Kwenye mabenchi mzee mmoja akatoa tenor bila kuinua macho, kama mtu anayejisemea. Mguu wa Teibor ulibaki juu kidogo, ukashuka. Hakujua ampige nani kwanza.

Mtaa mzima ulikuwa unaujua ule wimbo. Waliuimba wote mpaka mwisho, na wengine walipofika mwisho walishtuka kujikuta wameuimba.

Risalin peke yake hakuimba. Waya ulikuwa umemfunga. Lakini koo lake lilikuwa linakwenda, na Kong Aitimon, akiwa anawaongoza wengine kwa mkono wa kulia, alimhesabia yeye kwa wa kushoto.

*

Wimbo ukiisha, mjomba wa nyumba huwapa waimbaji tambuu kwa mkono wake. Sinia lilikuwa tayari juu ya meza, vipande vimekatwa, majani yamepakwa chokaa na kukunjwa. Watu walilitazama sinia, wakamtazama Kitbok. Kitbok alitazama mvua iliyokuwa imeanza tena.

Trolibon aliinuka. Alilichukua sinia, akazunguka nalo: Kong Aitimon, karani mwenye nyusi iliyopasuka, soprano, alto, Bah Lamphrang aliyekuwa amelala chali kwenye benchi. Akatoka mpaka uani, akampa Shemphang pale matopeni, akawapa wanawake wa bombani. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Risalin, na hapo watu wote wakaona kile ambacho yeye alikuwa ameshakifikiria tangu mlangoni. Huyu hawezi kutafuna.

Trolibon aliingia chumba cha ndani, akainama chini ya kitanda cha Bibi, akatoa kinu. Akatoa na mchi. Katika kishikio chake kulikuwa na weusi uliokauka ambao hakuna aliyeusafisha.

"Troli," alisema Kitbok. "Hicho kinu ni cha..."

"Najua ni cha nani."

Alikaa chini, sakafuni, kati ya jeneza na mwanawe, mbele ya ukoo wote. Akatia popoo, jani, chokaa. Akaanza kutwanga. Kila mtu mle ndani aliujua mlio ule. Kwa miaka mingi ulikuwa ni wa kikongwe mmoja tu, na sasa alikuwa amelala pale, kimya.

Kong Phoibon aliinua kichwa chake kisichoona.

"Mwenye kinu si amekufa?" aliuliza. "Kitbok, ni nini kinapigwa huko?"

Wanawake wa bombani waligeuka kwa pamoja, wakamtazama Kitbok. Waliosikia Jumapili walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Aliona hivyo kwenye nyuso zao, moja baada ya nyingine, akatafuta mahali pengine pa kutazama, akaukuta mchi.

"Kitbok?"

"Popoo," alisema.

Trolibon hakuinua macho. Aliendelea kutwanga mpaka ikalainika kabisa, punje isibaki. Akachota kwa ncha ya kidole, akaipitisha kwenye ule mwanya wa meno yaliyong'oka, akangoja binti yake ameze.